Shingo Isiyogeuka: kisa kutoka darasa la yoga Ujiji

Mwanamke mwenyewe ameridhia kisa hiki kiandikwe. Jina lake halimo, la mume halimo, la mwalimu halimo, na baadhi ya mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyageuza. Mimi ni msaidizi wa kisheria katika Manispaa ya Kigoma Ujiji. Niliingia katikati ya shauri, baada ya mwalimu wa yoga kunipigia simu. Ya mwanzo nimeyapata kwao wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Nakiandika kwa sababu kina swali ambalo sisi tunaokaa ofisini tumezoea kulipita pembeni. Kazi ya mwalimu huyu imejengwa juu ya jambo moja: mwanamke aliyezoea kuamriwa arudishiwe uamuzi, hata ule mdogo wa kunyanyua mkono au kutounyanyua. Siku moja akaona dalili kwamba mmoja wa wanafunzi wake anaweza kuuawa na mumewe. Amwachie aamue mwenyewe, au aamue kwa niaba yake?

Nyumba ya mvuvi

Mwanamke ni mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi. Mume ni mvuvi. Aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika haelezwi hii kalenda, lakini kwa wageni: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti tena. Kwa hiyo wakati wa giza wanaume wako majini, na wakati wa mbalamwezi wako nyumbani. Kwa familia nyingi hizo ni siku za kushona nyavu, kulala usingizi wa mchana na kukaa na watoto. Kwa nyumba hii zilikuwa siku za kipigo.

Hakuna aliyelisema hilo wazi. Mwalimu ndiye aliyeliona kwanza, kwenye mahudhurio. Mwanamke huyu alikuwa haji kwa siku kadhaa kila mwezi, kisha anarudi na sababu nzuri: mtoto alikuwa na homa, mgeni alikuja, maji yalikatika. Sababu zilibadilika, mwezi haukubadilika.

Jambo jingine la kukumbuka, kwa sababu litarudi: mtumbwi na taa za sola vilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba, na mkopo huo ulikuwa kwa jina la mke.

Darasa

Mwalimu ni mzaliwa wa Ujiji. Yoga alijifunza Nairobi alipokuwa akifanya kazi huko, akarudi nyumbani kumuuguza mama yake. Hakuanza na waliopigwa. Alianza na kina mama wa kikoba wenye maumivu ya mgongo, maana kubeba ndoo na kuinamia dagaa juani kutwa nzima si mchezo. Baada ya muda akagundua kwamba baadhi ya migongo ile haikuumizwa na ndoo.

Darasa liko kwenye chumba cha kushonea nguo. Kina mama wanakuja saa moja kabla ya kikao cha kikoba, wanatandika mikeka, wanafanya mazoezi na madera yao mwilini, kisha wanakaa kuhesabu hisa. Mpangilio huu ni wa akili kuliko unavyoonekana. Mwanamke akiulizwa anakwenda wapi, anajibu kweli tupu. Angedanganya kwamba anakwenda kikoba, siku moja mume angedai kuona hisa.

Ujiji ni mji wa misikiti na madrasa, na wapo waliosema yoga ni ibada ya Kihindu. Mwalimu hakubishana nao. Aliondoa udi, aliondoa maneno ya Kisanskriti, akabaki na viungo na pumzi, na mlango akauacha wazi kwa mke yeyote wa ustadhi atakayetaka kuja kujionea. Wakaja. Mmoja bado anakuja, goti lake lina nafuu.

Alipoona anayoyaona, alitafuta mafunzo ya yoga kwa watu wenye kiwewe, utaratibu uliotengenezwa Massachusetts, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Unapindua mengi ya yoga ya kawaida. Mwalimu hamgusi mwanafunzi ili kumnyoosha. Hapiti nyuma ya mtu. Hamwambii mtu afumbe macho. Kulala chali kimya, mkao ambao madarasa mengi humalizia, kunakuwa kwa hiari, na asiyetaka anaegemea ukuta akiutazama mlango. Kubana pumzi kumefutwa kabisa, kwa sababu aliyewahi kuzibwa pumzi na mtu mwingine anaweza kurudishwa kwenye tukio lile lile pale pale mkekani.

Na lugha. "Ukipenda, nyanyua mkono wa kulia. Ukipenda, uache ulipo." Wiki za kwanza walicheka. Sisi tumesoma kwa mchakamchaka na gwaride: mwalimu akisema nyanyua, tunanyanyua. Bibi mmoja akamwambia, "Mwanangu, wewe tuambie tu la kufanya, sisi tutafanya." Mwalimu akajibu, "Bibi, mimi naonyesha tu. Mwili ni wa kwako."

Mwanamke wa kisa chetu kwa muda mrefu alifanya kila kilichoonyeshwa, hata kilichomuuma, huku akimtazama mwalimu usoni kuona kama ameridhika. Kisha siku moja akasema, "Hili leo silifanyi, nakaa." Mwalimu hakumpongeza. Nilimuuliza kwa nini. Akasema kumpongeza kungefanya hata kukataa kuwe njia nyingine ya kumfurahisha mtu. Nimesoma miongozo mingi ya kuhudumia wahanga, na hilo sijalikuta limesemwa vizuri hivyo.

Wanaodhani huu ni mchezo wa Wazungu nawatajia utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014. Wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu, ambacho tiba nyingine hazijakitoa, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya yoga ya aina hii saa moja kwa wiki kwa wiki 10, jingine lilipewa elimu ya afya. Mwishoni asilimia 52 ya waliofanya yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa ule, dhidi ya asilimia 21 ya wenzao. Lakini kilichopimwa ni dalili. Mwanamke anaweza kupata usingizi mzuri, jinamizi likakoma, na bado analala kitanda kimoja na mtu anayemkaba koo. Wapenzi wa yoga huwa hawapendi kulisikia hilo.

Shingo

Mwishoni mwa Aprili 2024, mwezi ukiwa umejaa, mwanamke alikuja darasani. Hilo lenyewe lilikuwa jambo geni, kwa kuwa siku hizo ndizo alizokuwa haji. Alikaa karibu na mlango, khanga ameizungusha shingoni na joto lile la Ujiji.

Walipofika kwenye zoezi la kugeuza kichwa taratibu, kulia kisha kushoto, yeye aligeuza mabega na kifua pamoja na kichwa. Shingo haikugeuka hata kidogo. Walipovuta pumzi alikohoa, akashika koo. Baadaye alipoomba maji sauti ilitoka imekwaruza, akasema ni moshi. Mwalimu aliona jambo la tatu alipompa kikombe: vidoa vyekundu vidogo kwenye weupe wa jicho.

Aliendelea kufundisha. Hapa wengine nilioongea nao wanamlaumu, wanasema angesimamisha darasa. Mimi namuunga mkono. Chumba kilikuwa na wanawake zaidi ya kumi, mmoja wao ana undugu wa ndoa na mume. Kusimamisha darasa na kumvuta mtu pembeni kungekuwa tangazo.

Darasa lilipokwisha na wengine wakianza kupanga viti vya kikao, alimwomba amsaidie kukunja mikeka upande wa nyuma. Walizungumza hivi, na wote wawili wananipa maneno yale yale:

"Dada, shingo inakusumbua?"

"Nililala vibaya."

"Pole. Mimi sikuulizi kitu. Nakuambia tu ninachokijua. Mtu akikabwa koo, hata kama nje haonekani na alama, ndani kunaweza kuvimba baadaye, hata siku ya pili au ya tatu. Mshipa wa damu unaweza kuumia akapooza. Na mwanaume aliyeshika koo mara moja, wengi wao hurudia, na kurudia kwake ndiko kunakoua. Kama wewe si hivyo, nisamehe. Kama ni hivyo, hospitali ni leo, isiwe Jumatatu. Nikusindikize, au uende na mtu mwingine, au usiende. Vyovyote utakavyosema, mimi nipo."

Mwanamke alimaliza kukunja mkeka, akakaa kwenye kikao, akatoa hisa yake, akaondoka.

Maneno ya mwalimu hayakutiwa chumvi. Uchunguzi wa mashauri 300 ya kukabwa huko San Diego, Marekani, uliotolewa mwaka 2001, ulikuta nusu ya wahanga hawakuwa na alama yoyote ya kuonekana, na wengine wengi alama zao zilikuwa hafifu mno hata kupigwa picha. Kwenye ngozi yetu nyeusi michubuko huonekana kwa shida zaidi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2008, ulionyesha kuwa mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake uwezekano wa kuja kuuawa naye huongezeka zaidi ya mara saba. Kofi, ngumi na fimbo ni ukatili. Koo ni daraja jingine. Ajabu ni kwamba kwenye maelezo mengi yanayoandikwa vituoni huku kwetu, kukabwa huingizwa kwa maneno mawili katikati ya orodha, "alinipiga, akanikaba, akanitukana", na hakuna anayeshtuka.

Hapo ndipo jibu la swali langu lilipo, kwa maoni yangu. Mwalimu hakuamua kwa niaba yake. Hakumkimbilia mwenyekiti wa mtaa, hakumpigia kaka mtu. Lakini pia hakujificha nyuma ya "ni uamuzi wako", maneno ambayo nimeyasikia sana kwa watoa huduma waliochoka. Alimpa hatari kama ilivyo, kwa Kiswahili cha kueleweka, pamoja na saa yake, ndipo akamwachia. Uamuzi wa mtu asiyejua kinachomkabili hauna tofauti na kubahatisha. Angekuwa mtoto mambo yangekuwa mengine, maana Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii atoe taarifa. Huyu ni mtu mzima mwenye akili timamu, na kumchukulia uamuzi kungekuwa kumfanyia jambo ambalo nyumbani alishafanyiwa vya kutosha.

Jioni ile mwalimu alinipigia. "Nina mtu, simtaji. Akitaka kwenda hospitali leo, anaanzia wapi?" Tukapanga. Usiku simu ya mtoto wa jirani ilimwita: "Mwalimu, ile hospitali uliyosema."

Karatasi

Tulipofika kwenye kituo cha afya, mtu wa kwanza alitaka PF3, fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa. Hili linajirudia mno. PF3 inatoka polisi na kazi yake ni ushahidi; haijawahi kuwa tiketi ya kuingilia kwa daktari. Anayehema kwa shida anatibiwa kwanza. Tulisema hivyo kwa upole, kisha kwa sauti, daktari akatoka akamchukua. Alilazwa usiku mmoja wa kuangaliwa. PF3 ilipatikana kesho yake kupitia Dawati la Jinsia na Watoto, na askari wa kike aliyeandika maelezo aliandika kukabwa kwa sentensi kamili: kwa mkono upi, muda gani, kama alipoteza fahamu, kama alijikojolea. Maswali magumu, lakini ndiyo yanayobeba shauri.

Aliulizwa kama anataka mume akamatwe mara moja. Akasema, "Akikamatwa leo akatoka kesho kwa dhamana, mimi nitakuwa wapi?" Wapo walioona anamtetea mumewe. Alikuwa anapiga hesabu. Kipindi ambacho mwanamke anaondoka au ametoka tu kuondoka ndicho cha hatari kubwa kuliko vyote, na yeye alilijua hilo bila kufundishwa. Alijua na jingine: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka ule, uvuvi ziwani ungefungwa kwa makubaliano ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa. Kulipumzisha ziwa kuna sababu zake nzuri, samaki wanazaliana. Kwake ilimaanisha mbalamwezi ya miezi mitatu. Giza la mwanzoni mwa Mei ndilo lilikuwa la mwisho kabla ya kufungwa. Akasema ataondoka kwenye giza hilo.

Mume mlangoni

Kabla giza halijafika, wifi mtu alishamwona akitoka kwenye chumba cha kushonea akiwa amekaa muda mrefu kuliko kikao. Mume akaja mwenyewe, kanzu safi, salamu za heshima.

"Mwalimu, mke wangu yumo humo?"

"Shemeji, karibu. Humu wako kina mama wa kikoba. Nani yupo na nani hayupo, hilo simtajii mtu yeyote, hata mume wangu akija kuuliza mke wa mtu nitamjibu hivi hivi. Mpigie simu mwenyewe."

Jibu hilo lilikuwa limeandaliwa tangu siku ya kwanza ya darasa, na kila anayeuliza, awe mwema au mbaya, hujibiwa hivyo hivyo. Mlinzi akisema "hayupo" kwa mmoja na "sisemi" kwa mwingine, ameshasema. Kwa sababu hiyo hiyo mwalimu alikataa matakwa ya mfadhili mmoja mdogo aliyetaka picha za wanawake wakiwa mikekani na orodha yenye sahihi. Alipeleka idadi na picha ya mikeka mitupu. Fedha za awamu ya pili hazikuja.

Nina lawama moja kwake. Alikuwa peke yake. Anafundisha, anasoma nyuso, anautazama mlango, yote mtu mmoja, na mume alipobisha hodi wanafunzi waliachwa ndani bila mtu. Kazi hii inataka wawili. Tangu wakati ule yupo mama wa makamo anayekaa nje na cherehani, anashona na kuangalia barabara.

Ile ziara mwalimu hakumficha mwanamke. Alimweleza siku ile ile, na mwanamke akaamua kutokuja tena. Vitambulisho, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa na kadi za kliniki vilikuwa tayari vimeshaletwa kimoja kimoja, vimekunjwa ndani ya vitambaa vya kushona, vikakaa kwenye droo ya cherehani.

Baraza

Wazee wa pande zote mbili waliitisha kikao cha suluhu. Kaka wa mwanamke, mtu mwema kabisa, alimwomba mwalimu aje aseme neno, "kwa kuwa wewe ndiye anayekusikiliza". Mwalimu alikataa, akaniambia sababu: siku atakayoketi upande wowote wa kikao, kila mwanamke darasani atajua kuwa yanayoonekana mkekani yanaweza kusemwa barazani.

Mimi nilikuwa na sababu za sheria. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, mila iseme isemavyo. Ni kweli sheria hiyo hiyo inataka mgogoro upitie baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka, na watu wengi, wakiwemo viongozi, huishia hapo. Haisomwi hadi mwisho: yapo mazingira ya kipekee ambayo mahakama inaweza kuliruka sharti hilo, na sharti lenyewe ni la talaka, wakati mwanamke huyu alikuwa anaomba amri ya kutengana. Kumketisha mtu mkeka mmoja na aliyemkaba wiki iliyopita na kuwataka wapeane mikono ni kumrudisha pale alipotoka. Nchi yetu haina sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani kama ile ya Kenya ya mwaka 2015, hivyo tunajenga kinga kwa vipande: Sheria ya Ndoa inaruhusu mahakama, shauri la ndoa likiwa mbele yake, kumzuia mwenzi kumsumbua mwenzake. Ni kinga, ila lazima kwanza uwe na shauri.

Tabora

Aliondoka alfajiri, mume akiwa majini, na watoto wawili wadogo. Treni aliiacha makusudi: stesheni ya Kigoma ni mahali ambapo kila mtu anakutana na kila mtu. Alipanda basi la Uvinza na Kaliua hadi Tabora kwa mama yake mdogo. Mtoto mkubwa alibaki kwa sababu ya shule, na hilo ndilo linalomliza hadi leo. Mdogo hajafika miaka saba, na kwa umri huo sheria inaanza na dhana kwamba ni bora akae na mama.

Mazoezi anaendelea nayo peke yake, hayo ya kukaa tu. Shingo inageuka, kushoto bado kunakwama. Mwalimu humpigia kwa namba nyingine na hamuulizi habari za kesi. Kesi ananiuliza mimi.

Anauza dagaa wanaoletwa na rafiki yake kutoka Kibirizi. Jalada la jinai lipo, linasubiri mashahidi. Linalobishaniwa zaidi sasa ni mali. Mume anasema mtumbwi na taa ni vyake kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akivua. Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa, na huyu ana zaidi ya kazi za nyumbani. Daftari la kikoba linaonyesha nani alikopa na nani alirejesha, awamu kwa awamu. Katibu wa kikoba amekubali kuja nalo mahakamani.